Southern 500: mbio zilizoporwa sikukuu yake

Mtajie mtu wa huku kwetu mbio za magari, atakachokiona kichwani ni Safari Rally: vumbi, matope, twiga anachungulia kwa mbali, na watoto wa shule waliotoroka darasani kwenda kusimama kando ya njia. Gari linapita mara moja tu, fyuuu, basi. Unabaki na vumbi puani na hadithi ya kwenda kusimulia nyumbani.

Leo nataka tuongelee mbio za aina nyingine kabisa. Hizi magari yake hayaendi popote. Yanazunguka uwanja mmoja, kushoto, kushoto tena, kushoto tena, mizunguko 367, karibu saa nne nzima. Wengi wetu tukikutana nazo kwenye televisheni tunabadilisha chaneli. Tunasema, jamani Wazungu nao, sasa hapo kuna nini cha kutazama?

Naomba uvumilivu wako, ndugu msomaji, maana hapo kuna kitu. Mbio ninazozisema zinaitwa Southern 500. Zinafanyika Darlington, mji mdogo wa watu wapatao elfu sita katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Zilianza mwaka 1950. Nimezisoma kwa muda sasa na kila nikisoma narudi kwenye swali lile lile: kitu kikishakuwa cha watu, mwenyewe ni nani? Ni yule mwenye hati ya kiwanja, au ni wale wanaokuja kila mwaka na familia zao? Na hao tunaowaita "watu", je, ni watu wote?

Tuanze mwanzo kabisa.

Kwa wasiojua, mchezo huu ulianza kwa magari ya kawaida, yale ambayo mtu angeweza kuyanunua na kwenda nayo kanisani. Miaka ya 1930 na 1940 huko Kusini mwa Marekani kulikuwa na vijana waliosafirisha gongo usiku kutoka milimani (naam, gongo, kila nchi ina yake). Ili polisi wasiwakamate, walichukua gari la kawaida kwa nje wakalifanyia ufundi kwa ndani. Siku za mapumziko wakaanza kushindana wao kwa wao kwenye viwanja vya vumbi, na watu wakaanza kulipa kiingilio kuwatazama. Si madereva wote waliopitia huko, lakini wengi wa mwanzo walipitia. Desemba 1947 mtu mmoja aitwaye Bill France aliwakusanya wenye mbio kwenye hoteli moja huko Daytona Beach, Florida, na Februari 1948 chama chao, NASCAR, kikaandikishwa. Kumbuka jina hilo la France. Tutalihitaji mbele ya safari.

Sasa huko Darlington kulikuwa na bwana mmoja, Harold Brasington, mkandarasi mwenye mitambo ya kuchimba na kusawazisha ardhi. Mwaka 1933 alikwenda Indianapolis kuangalia mbio maarufu za maili 500, akaona umati ule, akarudi nyumbani na wazo ambalo halikumtoka. Kwa nini hizi za magari ya kawaida nazo zisikimbiwe maili 500, yaani kilomita 800 na ushee, tena kwenye lami? Wakati huo NASCAR ilikuwa bado inazunguka kwenye viwanja vifupi vya udongo. Kumwambia mtu gari la kawaida litakimbia kilomita 800 kwa kasi ya mbio, siku moja, bila kufa, ilikuwa ni kuomba kuchekwa.

Brasington alipata ardhi kwa jirani yake, Sherman Ramsey, shamba la pamba na karanga. Ramsey alikubali kuuza, lakini akaweka sharti. Upande wa magharibi wa shamba kulikuwa na bwawa lake la samaki wadogo, na bwawa hilo lisiguswe. Sharti likaheshimiwa. Ili kulikwepa bwawa, Brasington akabana kona za upande ule, huku za upande wa mashariki zikabaki pana. Uwanja ukatoka na umbo la yai, huku mnene, kule mwembamba.

Utaona ni jambo dogo. Lakini fundi anayelitengeneza gari lake lipite vizuri kwenye kona pana, likifika kwenye kona zilizobana linamkataa. Akilitengeneza kwa kona zilizobana, upande wa pili linateleza. Miaka zaidi ya sabini sasa, mainjinia wenye kompyuta na digrii zao wanakuja Darlington kuhangaika na bwawa la samaki la mzee Ramsey. Hakuna aliyepata jibu kamili. Wanachagua tu wapi pa kuumia.

Mbio za kwanza zilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Septemba 1950. Siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ilikuwa Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Wamarekani, ambao hawasherehekei Mei Mosi kama sisi. Yao ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Viwanda vya nguo, ambavyo vilijaa South Carolina wakati huo, vinafungwa, watu wana siku ya kupumzika, na kiangazi ndiyo kinaisha. Brasington alitegemea watu elfu kumi hivi. Wakaja elfu ishirini na tano. Mji ambao hata leo una watu elfu sita!

Magari 75 yalipangwa kwenye mstari, safu 25 za magari matatumatatu, kwa kuiga Indianapolis. Curtis Turner ndiye aliyeanza mbele. Madereva wengi hawakuwahi kukimbia muda mrefu kiasi hicho juu ya lami, na wala hawakujua lami inafanya nini kwa tairi. Walijua baada ya muda mfupi. Magari mazito, yale ya Oldsmobile na Cadillac yenye injini kubwa, yalikuwa yanakwenda kasi kisha, pwaa, tairi limepasuka. Anaingia anabadilisha, anatoka, mizunguko michache, pwaa tena.

Katikati ya vurugu hiyo kulikuwa na Johnny Mantz. Alikuwa ameanza nafasi ya 43, na gari lake, Plymouth ndogo ya silinda sita, lilikuwa miongoni mwa yaliyokwenda polepole kwenye mchujo. Lakini Mantz alikuwa ameshawahi kukimbia Indianapolis, kwa hiyo alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua: kwenye lami anayeshinda ni yule ambaye tairi zake zinadumu. Akafunga tairi ngumu, za aina ya magari ya mizigo, akaingia kiwanjani akawa anakwenda zake taratibu. Wenzake wanampita, wanapasukiwa, anawapita. Wanampita tena, wanapasukiwa tena. Baada ya saa sita na nusu na ushee alimaliza mizunguko 400 akiwa wa kwanza, mizunguko tisa mbele ya Fireball Roberts aliyekuwa wa pili. Kasi yake ya wastani ilikuwa kama kilomita 120 kwa saa, mwendo ambao basi zetu za mikoani zimewahi kuutamani. Sungura na kobe, toleo la South Carolina. Miongoni mwa wamiliki wa ile Plymouth walikuwamo Bill France mwenyewe na Curtis Turner, yule yule aliyeanza mbele na gari jingine.

Siku hiyo hiyo kuna mtoto wa miaka 11 kutoka Timmonsville, mji wa jirani, aliyepenya chini ya uzio kwa sababu hakuwa na pesa ya kiingilio. Jina lake Cale Yarborough. Mwaka 1957, akiwa bado kijana mdogo, alidanganya umri ili ashindane kwenye mbio hizo hizo, akagundulika, akatolewa. Mwaka 1965 gari lake likaruka juu ya kingo za chuma likatoka nje ya uwanja kabisa. Akatoka mzima. Mwaka 1968 akashinda. Kisha akashinda 1973, 1974, 1978 na 1982. Mara tano, mtoto wa chini ya uzio! Alifariki siku ya mwisho ya mwaka 2023, na hakuna aliyemwandika bila kuutaja ule uzio.

Nimemtaja Yarborough makusudi, kwa sababu ndiye anayeonyesha mbio hizi zilivyokuwa mali ya mahali pale. Hazikuwa burudani iliyoletwa na kampuni kutoka mbali. Aliyezijenga alikuwa wa hapo, aliyeuza ardhi wa hapo, na mtoto aliyekuja kuwa bingwa wake wa hapo. Baba alimleta mwana, mwana akaja kumleta mjukuu, kila Labor Day, na hema lao mahali pale pale. Kabla ya Daytona kujengewa uwanja wake mkubwa mwaka 1959, Darlington ndiyo ilikuwa kila kitu. Dereva aliyeshinda Southern 500 hakuhitaji kujieleza kwingine. Herb Thomas alishinda mara tatu, 1951, 1954 na 1955. Richard Petty, ambaye ana ushindi 200 kwenye NASCAR, rekodi ambayo hakuna wa kuikaribia, Southern 500 aliipata mara moja tu, mwaka 1967. Hapo unaelewa uwanja wenyewe ulivyo.

Uwanja huo wanauita "ngumu kufugwa". Njia ya haraka zaidi ya kuzunguka inapita juu kabisa, unyoya mmoja kutoka ukutani. Kwa hiyo kila dereva, hodari na asiye hodari, siku moja atauparuza ukuta kwa ubavu wa kulia. Alama ile ya rangi iliyobanduka ina jina lake, wanaiita mstari wa Darlington, na dereva chipukizi akitoka bila kuupata wenzake wanamshangaa. Lami yenyewe ina mchanga mkali unaosaga tairi kama msasa.

Wala tusidanganyane kwamba yote ni raha. Mwaka 1957 dereva Bobby Myers alifia hapo. Mwaka 1960 magari mawili yaligongana na moja likaingia kwenye eneo la mafundi. Wakafa mafundi wawili na ofisa mmoja wa mbio. Mwaka 1965, mwaka ule ule ambao Yarborough aliruka nje, dereva mwingine, Buren Skeen, alipata majeraha akafa siku chache baadaye. Mbio hizo za 1965 Ned Jarrett alishinda kwa kumwacha wa pili mizunguko 14, tofauti kubwa kuliko zote kwa umbali katika historia ya NASCAR. Wengine wote walikuwa wameharibikiwa. Yeye mwenyewe alimaliza akiwa na injini inayochemka, anaibembeleza.

Sasa nirudi kwenye lile swali la pili, la "watu" ni nani. Hili lazima lisemwe.

South Carolina ndilo jimbo la kwanza kujitenga na Marekani, Desemba 1860, na vita iliyofuata ilikuwa ya kutetea utumwa. Majimbo yaliyojitenga yalishindwa mwaka 1865. Lakini ukienda Darlington miaka ya 1950 ungedhani vita bado inaendelea. Mwaka 1952 Fonty Flock alishinda Southern 500 akiwa amevaa kaptula, akapanda juu ya boneti ya gari lake na kuwaongoza watazamaji kuimba Dixie, wimbo uliokuwa kama wimbo wa taifa wa wale waliojitenga. Kwa miaka mingi kulikuwa na mtu aliyevalishwa sare za askari wa upande huo, akipanda kwenye gari la mshindi na ile bendera yao mkononi. Mbio za pili za uwanja huo, za majira ya kuchipua, zilizoanza 1957, ziliitwa Rebel, yaani za waasi. Hiyo ndiyo ilikuwa "mila".

Wakati huo huo huko Danville, Virginia, alikuwapo Wendell Scott, mtu mweusi, dereva wa teksi, fundi wa kujifunza mwenyewe, na ndiyo, gongo naye alibeba. Alianza kushindana ngazi ya juu ya NASCAR mwaka 1961, akitumia magari yaliyochoka na vipuri vya kuokoteza, fundi mwenyewe, dereva mwenyewe, wanawe wakimsaidia. Darlington ilimkatalia kuingia kwa miaka kadhaa. Fikiria hilo. Mtoto mweupe anapenya chini ya uzio na tunacheka, tunasema mtundu huyo. Mtu mzima mweusi anakuja na gari lake na karatasi zake mkononi, anaambiwa hapana.

Tarehe 1 Desemba 1963 huko Jacksonville, Florida, Scott alishinda mbio. Waamuzi wakampa ushindi Buck Baker, mzungu, ambaye Scott alikuwa amemtangulia mizunguko miwili. Baada ya saa kadhaa, watazamaji wameshaondoka, wakasema samahani, hesabu ilikosewa, mshindi ni Scott. Kikombe alichostahili hakukipata. Alifariki 1990. Familia yake ilikabidhiwa kikombe na NASCAR Agosti 2021, miaka karibu 58 baadaye.

Kwa hiyo mtu akiniambia Southern 500 ilikuwa ya watu wote wa Kusini, namuuliza, wote wepi?

Tuendelee, maana hapa ndipo pesa inapoingia.

Mwaka 1982 uwanja ulinunuliwa na International Speedway Corporation, kampuni ya viwanja iliyokuwa chini ya familia ya France. Ndiyo, wale wale wenye NASCAR. Elewa hapo: familia moja inaendesha chama kinachopanga ratiba, na familia hiyo hiyo ina viwanja vinavyoomba nafasi kwenye ratiba. Kwa miaka ya mwanzo Darlington haikuumia, tena ilinawiri. Mwaka 1985 kampuni ya sigara ya Winston iliahidi dola milioni moja kwa atakayeshinda mbio tatu kati ya nne kubwa za mwaka. Bill Elliott alishinda Daytona, akashinda Talladega, na Septemba akashinda Darlington akaondoka na kitita chake. Mwaka 1997 Jeff Gordon naye akaipata milioni hiyo, papo hapo Darlington, katikati ya ushindi wake wa miaka minne mfululizo wa Southern 500, kuanzia 1995 hadi 1998.

Lakini ng'ombe akinenepa wanunuzi hujitokeza. Miaka ya 1990 mchezo ulikua ukatoka Kusini. Vilijengwa viwanja vipya vikubwa Texas, Las Vegas, na Fontana huko California, karibu na Los Angeles. Huko ndiko kwenye watu mamilioni na matangazo ya biashara. Ratiba ina wikiendi chache tu, kila anayeingia anamtoa mwingine. Na mji wa watu elfu sita una nini cha kujitetea?

Mwaka 2003 ikatangazwa kwamba kuanzia mwaka unaofuata wikiendi ya Labor Day itakwenda California. Mbio za mwisho za sikukuu hiyo Darlington zilikuwa tarehe 31 Agosti 2003. Alishinda Terry Labonte, mzee wa miaka 46. Labonte alikuwa hajashinda tangu 1999, na hakushinda tena maishani. Ushindi wake wa kwanza kabisa aliupata wapi? Southern 500 ya 1980, uwanja huo huo, sikukuu hiyo hiyo. Mtu angeandika hivyo kwenye riwaya angeambiwa anazidisha chumvi.

Mwaka 2004 Southern 500 ikasukumwa hadi Novemba, kwenye baridi, akashinda Jimmie Johnson. Baada ya hapo jina likatoweka. Sababu ilikuwa kesi. Mwanahisa mmoja wa kampuni nyingine ya viwanja, iliyokuwa na uwanja wa Texas, alishitaki akidai kwamba waliahidiwa mbio ya pili wakanyimwa. Mwaka 2004 wakapatana. Katika mapatano hayo, Texas ikapata mbio yake ya pili, uwanja wa Rockingham huko North Carolina ukauzwa na kupoteza mbio zake za NASCAR za ngazi ya juu, na Darlington ikabakiwa na mbio moja tu kwa mwaka, ya Mei, yenye jina la mdhamini wa magari.

Kuna jambo moja hapa ambalo waandishi wengi hawalitaji. Uwanja wa Rockingham, uliofunguliwa 1965, ulianzishwa na nani? Harold Brasington yule yule, akishirikiana na mwenzake. Kwa hiyo mapatano ya mwaka mmoja, yaliyofanywa na mawakili, yaliviangukia viwanja vyote viwili vya mkandarasi wa Darlington. Yeye alikuwa amekwisha kufa mwaka 1996.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua uchungu huu. Safari Rally, iliyoanza 1953, ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002. Ilirudi 2021. Miaka hiyo kumi na minane mashindano ya nyumbani yaliendelea, barabara zilikuwepo, vumbi lilikuwepo, hata twiga walikuwepo. Kilichokosekana ni mstari mmoja kwenye ratiba inayopangwa Ulaya. Na kila mtu aliyekuwa akienda kusimama kando ya njia alijisikia ameibiwa kitu ambacho hakuwa na risiti yake.

Je, Labor Day ilistawi huko California? Haikustawi. Mbio za wikiendi hiyo zilikimbiwa Fontana kuanzia 2004 hadi 2008, viti vingi vikiwa vitupu. Kisha zikahamishiwa Atlanta, 2009 hadi 2014. Kumbe sikukuu haihamishiki kirahisi kama kontena. Unaweza kubeba tarehe, ukabeba magari, ukabeba madereva wote, lakini wale wenye mahema ya babu zao hukuwabeba.

Huko Darlington, mwaka 2009 jina la Southern 500 lilirudishwa kwenye ile mbio ya Mei, na Mark Martin akashinda akiwa na miaka 50. Hatimaye Septemba 2015, baada ya miaka kumi na miwili, mbio zikarudi kwenye wikiendi ya Labor Day. Timu zikapaka magari rangi za zamani, za miaka ya 1970 na 1980. Televisheni ikawarudisha watangazaji wa zamani kutangaza sehemu ya mbio, mmojawapo akiwa Ned Jarrett, yule wa mizunguko 14 ya mwaka 1965. Alishinda Carl Edwards. Hakukuwa na mahakama iliyoamuru hayo. Wenye hati waliona tu kwamba hati waliyokuwa nayo haina thamani kamili bila wale wasio na hati.

Hapo ningeweza kumaliza, tukashangilia wote. Lakini kilichorudi ni kipi hasa? Ukirudisha rangi za zamani, utarudisha na bendera ya zamani?

Tarehe 17 Mei 2020, baada ya corona kusimamisha michezo, NASCAR ilirejea, na palipochaguliwa kuanzia ni Darlington, bila watazamaji hata mmoja. Wiki chache baadaye, baada ya George Floyd kuuawa na polisi huko Minneapolis, Bubba Wallace, dereva pekee mweusi wa ngazi ya juu wakati huo, alisema hadharani kwamba bendera ile ya waliojitenga isiruhusiwe tena viwanjani. Tarehe 10 Juni NASCAR ikaipiga marufuku. Wapo waliokasirika wakasema mila yao inaporwa. Lakini wenzangu, hebu tulinganishe. Mwaka 2004 waliporwa tarehe, uwanja ukabaki na mbio chache na mji ukapata hasara. Mwaka 2020 ilitolewa bendera, na hakuna mzunguko hata mmoja uliopungua. Kona za bwawa la Ramsey ziko pale pale, ukuta uko pale pale, mchanga unasaga tairi kama kawaida. Oktoba 2021 Wallace akashinda Talladega, mtu mweusi wa kwanza kushinda ngazi hiyo tangu Scott mwaka 1963.

Mbio zimeendelea. Mwaka 2024 Chase Briscoe alishinda Southern 500 akiwa na timu iliyokuwa kwenye msimu wake wa mwisho kabla ya kufungwa. Mwaka 2025 akashinda tena, akiwa na timu nyingine.

Jibu langu kwa swali la mwanzo, na wewe unaweza kunipinga, ni hili. Mbio za Darlington ni za wale waliozilinda zilipoondoka, waliokataa kuzisahau kwa miaka kumi na miwili. Lakini haki hiyo ya kusema "hizi ni zetu" wanaidai vizuri zaidi sasa kuliko mwaka 1952, kwa sababu mtoto wa Kidarlington mweusi naye anaweza kwenda uwanjani na babu yake bila kupita chini ya bendera iliyopiganiwa ili asiwe mtu. Wendell Scott alilitaka hilo zamani, akiwa na gari lake na karatasi zake mkononi.

Kwa hiyo siku nyingine ukiyaona magari yanazunguka kwenye televisheni, usibadilishe chaneli haraka. Angalia zile kona zilizobana. Hapo nyuma yake kulikuwa na bwawa la samaki.

Ni hayo kwa leo. Alamsiki.